Nani Ashike Daftari?

Kutoka Kakamega hadi Kilifi ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na hata mvua yetu haielekei huko. Maji ya Isiukhu huingia Nzoia, Nzoia humwaga maji yake Ziwa Victoria, na kutoka hapo safari ni ya Naili hadi Misri. Kwa hiyo mtu wa Shinyalu akiuliza matumbawe ya baharini yanamhusu nini, ana haki ya kuuliza.

Yanamhusu kwa sababu Kenya ina sehemu chache sana ambako watu wamerudi mahali palepale, mwaka baada ya mwaka, kupima kitu kilekile kwa njia ileile. Miamba ya matumbawe ya Pwani ni mojawapo: Tim McClanahan na wenzake wamekuwa wakiipima tangu 1987. Msitu wa Kakamega ni nyingine: Marina Cords alianza kuwafuata kima wa Isecheno mwaka 1979, na kazi hiyo ikaendelea kwa miongo kadhaa. Kima wetu wana rekodi ndefu kuliko matumbawe. Na huko na huku ubishi ni mmoja: hesabu hizi zimemfaa nani?

Sauti nne zinazofuata si za watu wenye majina. Ni misimamo ninayoisikia kila yanapozuka mazungumzo ya msitu, nami nimeikalisha kwenye benchi moja. Yupo Mama anayelima mpakani upande wa Isecheno, Mwalimu wa baiolojia, Kijana anayeongoza wageni msituni, na Mpwani, mzamiaji wa zamani aliyeoa huku, ambaye kwa hiyo huitwa shemeji au mkwe apende asipende. Nimejiwekea haki ya kuingilia kati.

MAMA: Nianze mimi, maana nyinyi mkianza hammalizi. Tangu nikiwa msichana naona magari yakiingia Isecheno. Wageni, watu wa Nairobi, siku hizi na vijana wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wanafunga utepe kwenye miti, wanagongomea vibati vyenye namba, wanaandika. Wanahesabu vipepeo. Wanahesabu ndege, kima, hata sisimizi. Na miaka hiyo yote wakiandika, msitu unapungua wakiwa humo humo. Mimi sina ugomvi na kalamu. Nataka nionyeshwe mti mmoja tu uliosimama leo kwa sababu kuna mtu aliuhesabu.

MWALIMU: Mama, swali lako ni zuri, lakini hebu nikurudishie. Umejuaje kwamba msitu umepungua?

MAMA: Nimeona kwa macho. Pale penye majani chai, baba yangu alikuwa akipita gizani mchana kweupe.

MWALIMU: Umeona kwa sababu umri unakuruhusu. Wanafunzi wangu hawakuona. Hayo majani chai yalikuja na Nyayo Tea Zones, na shirika lile lilianzishwa 1986. Kwa mtoto wa kidato cha pili, chai ni sehemu ya msitu tangu Adamu. Na mapera je? Ukiwauliza miti ya Kakamega, wa kwanza wanakutajia mpera, mti uliotoka Amerika na kujipenyeza kila palipokatwa, kwa sababu kima hula tunda na kutapanya mbegu. Hawautaji mutukhuyu. Hawautaji mwiritsa, ambao gome lake linasafirishwa ng'ambo kutengeneza dawa ya tezi dume. Mwaka 1995 mtaalamu wa samaki aitwaye Daniel Pauly aliandika kwamba kila kizazi huchukua hali iliyoikuta kuwa ndiyo ya kawaida, na kikipoteza kidogo hudhani kimepoteza kidogo tu. Yeye alisema kuhusu bahari. Angekuja Shinyalu asingebadilisha neno.

KIJANA: Naongezea, Mwalimu. Hata wewe Mama, ulioukuta haukuwa msitu mzima. Msitu ulitangazwa rasmi 1933, na miaka hiyohiyo ya 1930 watu walikuwa wamejaa Kakamega wakitafuta dhahabu, wanachimba mashimo na kukata nguzo za kuyashikilia. Halafu vikaja viwanda vya mbao. Zipo picha zilizopigwa kutoka ndegeni mwaka 1948. Ukiziweka kando ya picha za setilaiti za miaka ya 1970 na kuendelea, unaona msitu ukiliwa kutoka kingoni na kutoka tumboni.

MAMA: Basi mmenithibitishia. Picha zipo tangu 1948. Zilizuia nini?

(Nakiri kwamba nilitarajia Mwalimu amjibu. Alinyamaza, na nilimheshimu kwa hilo. Aliyejibu ni Mpwani.)

MPWANI: Mama, mimi nilifanya kazi hiyo, acha niseme inavyofanywa, ndipo tubishane. Unazama na utepe wa mita 10. Huunyooshi juu juu kama unayepima kitambaa. Unaulaza ufuate mwamba, ushuke mashimoni, upande vichwa vya matumbawe. Halafu unaufuata na penseli na kibao cha plastiki, unaandika kila kilicho chini yake kwa sentimita. Tumbawe hai la matawi, sentimita 14. Mwani, sentimita 30. Mchanga. Tumbawe la mviringo. Tumbawe lililokufa. Ukimaliza unahama, unalaza tena. Mkono unakauka kwa chumvi, na mwenzako juu kwenye mtumbwi anakuuliza mbona huvui hata samaki mmoja. Mwaka ujao unarudi mwambani palepale.

MAMA: Na unapata nini?

MPWANI: Miaka mingi hupati kitu. Namba inapanda kidogo, inashuka kidogo. Halafu ikaja 1998. Tumbawe ni mnyama, mama, ingawa limekaa kama jiwe, na ndani ya mwili wake kuna viumbe vidogo sana vya rangi vinavyompikia chakula kwa mwanga wa jua. Maji yakizidi joto la kawaida la mwezi wa joto kwa digrii moja tu, na yakakaa hivyo wiki kadhaa, anawafukuza wale wapishi wake. Anabaki mweupe pe. Huko kwetu hutokea Machi na Aprili, kaskazi inapoisha na kusi haijaingia, bahari imelala kama uji uliopoa. Mwaka ule ilikuwa hivyo kuanzia Kiunga hadi Tanzania na visiwani. Miamba mingi iliyopimwa Kenya ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai kwa msimu mmoja.

KIJANA: Na hilo, shemeji, lilihitaji utepe? Si hata mvuvi aliona weupe?

MPWANI: Weupe aliuona. Lakini weupe haukai. Baada ya miezi michache mwani unafunika mwamba wote, samaki wapo wapo, mtalii kwenye mashua anapiga picha na kurudi hotelini amefurahi. Mwaka 2000 ungemleta mtu mgeni angesema mwamba ni mzima. Aliyejua kwamba amesimama kaburini ni yule aliyekuwa na karatasi ya 1997.

Hapa nitaingia, kwa sababu Mpwani ni mpole na ameacha jambo kubwa. Karatasi zile hazikusema tu kwamba matumbawe yamekufa. Zilisema mambo mengine ambayo wahifadhi wenyewe hawakuyapenda. Kenya ilikuwa na fahari na hifadhi zake za bahari: Malindi na Watamu zilitangazwa 1968, kabla ya nchi nyingi za Afrika kuwazia kitu kama hicho. Ilitarajiwa kwamba mwamba usiovuliwa ungestahimili joto vizuri zaidi. Vipimo vikaonyesha kwamba ndani ya hifadhi hasara ilikuwa kubwa kuliko nje, kwa sababu ndani ndimo yalimokuwa yamejaa matumbawe ya matawi, yale mepesi ya kukua na mepesi ya kufa. Joto haliombi tikiti langoni. Asingekuwapo mtu aliyepima ndani na nje kabla ya 1998, tungekuwa bado tunaambiana hadithi ya ua unaolinda kila kitu.

MAMA: Kwa hiyo mkajua ua hauzuii joto. Haya. Nangoja ule mti wangu mmoja.

MPWANI: Nakuja, mama. Lipo la pili. Kuna samaki tunamwita kikande, ana meno kama koleo. Hula vile viumbe vya miiba mirefu myeusi vinavyokuchoma mguu ukikanyaga mwambani. Wavuvi walipommaliza kikande, wale wa miiba waliongezeka, wakawa wanaguguna mwamba wenyewe usiku na mchana. Hilo lilijulikana kwa kuhesabu pande mbili, penye uvuvi na pasipo, miaka mingi. La tatu: samaki kurudi kwa wingi kwenye mwamba uliofungwa huchukua zaidi ya miaka 20. Si miezi, si kipindi cha mbunge. Ukimwambia mvuvi funga hapa, kesho kutwa utaona samaki, unamdanganya, na akigundua hatakusikiliza tena. Sasa tunaweza kumwambia ukweli: watakuja kidogo kidogo, na mjukuu wako ndiye atakayeshiba.

MAMA: Na akisema mjukuu atashiba lakini mimi nina njaa leo?

MPWANI: Husema hivyohivyo.

MAMA: Basi tunafanana.

MPWANI: Ila wapo waliofunga. Kuruwitu, huko Kilifi, wavuvi wenyewe walikaa wakaona samaki wamekwisha, mwaka 2005 wakatenga kipande cha kama hekta 30, wakakiita tengefu. Hawakuamriwa na serikali. Mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

MAMA: (akicheka) Mkwe wetu, umejimaliza mwenyewe. Hao hawakungoja utepe wa mtu! Waliona sufuria tupu wakaamua.

KIJANA: Na hiyo tuzo hata sisi tunayo. Kikundi cha wakulima cha Muliru, hapa hapa kando ya msitu, waliipata 2010. Walikuwa wakulima kama wewe, Mama, wakaanza kupanda mmea wa dawa mashambani, wakakamua mafuta, wakatengeneza dawa ya kuchua ya Naturub. Mukombero pia. Ule mzizi unaotafunwa kila steji Kakamega, zamani wote ulikuwa unachimbwa msituni, wao wakaulima.

MWALIMU: Sitaki kuharibu furaha, lakini mmewasahau watafiti wa taasisi ya ICIPE waliokuwa nyuma ya kazi ile. Mtu hakimbilii kulima mzizi wa mwituni mpaka awe amejua kwamba mwituni unaisha na kwamba shambani unakubali.

MAMA: Kwamba unaisha, mchimbaji ndiye wa kwanza kujua, Mwalimu. Anatembea mbali zaidi kuupata.

Kwa mizani yangu, Mama alikuwa anashinda hadi hapa, na ushindi wake ulikuwa halali. Mambo ambayo jicho linayaona na tumbo linayahisi hayangoji takwimu. Lakini Mwalimu alikuwa na karata moja ambayo jicho haliwezi kuifikia.

MWALIMU: Mama, nitajie ndege aliyetoweka Malava.

MAMA: Malava? Kule barabara ya Webuye inapita katikati ya miti? Sijui. Ndege wapo.

MWALIMU: Wapo, lakini wanapungua aina kwa aina. Mwaka 1999 Thomas Brooks, Stuart Pimm na Joseph Oyugi walichapisha utafiti wao juu ya vipande vya msitu huu wetu. Walijiuliza: msitu ukikatwa ukabaki kipande, ndege wanakufa lini? Jibu lao ni kwamba hawafi siku ile. Kipande cha kama hekta 1,000 huchukua takriban miaka 50 kupoteza nusu ya zile aina zitakazopotea. Nusu tu. Nusu nyingine bado inakuja. Mti umekatwa zama za babu, ndege anakufa zama zako. Anaishi, anaimba, anataga, lakini eneo halimtoshi. Mwaka mbaya mmoja, vifaranga wachache, mwaka mwingine mbaya, kwisha. Hakuna siku utakayoamka useme leo ametoweka. Na miti tunayokata sisi sasa itaua ndege karibu na 2075, tukiwa hatupo kuulizwa.

KIJANA: Hiyo mimi naiita deni.

MWALIMU: Na deni lisiloandikwa hudaiwa mara mbili.

KIJANA: Lakini angalia upande wa pili, Mwalimu. Kama ndege hajafa, basi bado kuna muda. Kisere kule kuna kima wa De Brazza wenye ndevu nyeupe, kipande kidogo kimejitenga na msitu mkubwa. Ukikiunganisha kwa ukanda wa miti kabla deni halijalipwa lote, unaokoa kitu. Ukingoja mpaka jicho lione, umechelewa nusu karne. Mama, pengine huo ndio mti wako mmoja: mti ambao hujaupanda bado.

MAMA: Huo ni wa kwako, mwanangu, si wa hesabu. Na ukanda wenu utapita shambani kwa nani?

Hakuna aliyejibu. Kaunti ya Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579 katika sensa ya 2019, zaidi ya 600 kwa kila kilomita ya mraba. Kila mtaalamu anayechora ukanda wa kijani kwenye ramani anapitisha kalamu juu ya mahindi ya mtu.

KIJANA: Nami nina langu, na si la kuwapendeza watafiti. Mimi nimekulia kwenye kazi hii. Isecheno tuna KEEP, mpango wa elimu ya mazingira, tangu 1995, ndiko wengi wetu tulikojifunza ndege na miti. Kuanzia 2001 hadi 2010 Wajerumani walikuwa hapa na mradi wa BIOTA, wanasayansi kwa makumi, maeneo ya kudumu yamewekewa alama, ndege, nyuki, kuvu, udongo, kila kitu. Vijana wa huku walikuwa wasaidizi, wakajua majina ya Kilatini kuliko wanafunzi wa chuo kikuu. 2010 mradi ukaisha. Ukienda sasa na mtu anayejua mahali, atakuonyesha mti wenye mdomo: gome limekua likaumeza ule msumari na kibati. Namba huisomi tena. Huo mti ulipimwa, ukasajiliwa, ukaachwa.

MPWANI: Pwani wanayajua hayo. Fedha za kuzama zikiisha, mwaka mmoja ukarukwa, na joto likaja mwaka huohuo.

KIJANA: Ndiyo maana nikisikia ufuatiliaji wa muda mrefu nauliza: mrefu wa nani? Wa mfadhili ni miaka mitatu mitatu. Wa mtafiti ni mpaka apate shahada. Mtu pekee mwenye muda mrefu hapa ni Mama, na yeye hana daftari.

Haya ndiyo maneno ninayoyaona kuwa ya kweli kuliko yote yaliyosemwa. Waliodumu miongo walidumu kwa sababu mtu mmoja mkaidi alikataa kuondoka, na ukaidi wa mtu mmoja hauwezi kuwa sera ya nchi. Kima jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Ili kujua maisha yake yote, yule anayemfuata lazima azeeke naye. Ofisi gani ya serikali hupanga bajeti hivyo?

MWALIMU: Sawa, tumpe Mama daftari. Lakini kwanza nimkumbushe jambo. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti walipita msituni wakihesabu visiki. Waligundua kwamba upande wa kaskazini, Buyangu, unaosimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS, uharibifu ulikuwa mdogo kuliko upande wa idara ya misitu, KFS ya leo.

MAMA: Visiki? Hiyo mngetuuliza tungewaambia bure! Buyangu ukikutwa na kuni, ni polisi. Huku kwetu unalipa ada yako ya mwezi, unapewa risiti, unaingia kuchukua zilizokauka. Na aliye na panga kali hukausha mwenyewe.

MWALIMU: Ungesema hivyo ofisini Nairobi, wangekuamini?

MAMA: Wasingeniamini.

MWALIMU: Hesabu wakaiamini.

MAMA: Na hapo ndipo donda lilipo, Mwalimu. Mnahesabu ili kile tunachokijua kipate kusikika kwa mdomo wa mwingine.

KIJANA: Tena hesabu yenyewe ilikosa kitu. Mama wa Buyangu akifungiwa lango, mahindi na maharagwe hayaivi kwa amri ya serikali. Atatembea. Kisiki kilichopungua kaskazini huenda kimehamia kusini, au kwenye kipande kidogo kisicho na askari. Ukisoma pande mbili kama vitu viwili visivyojuana, utasema KWS ni hodari na KFS ni wazembe, umemaliza. Kumbe ni moshi wa jiko lilelile.

MPWANI: Namba hudanganya hata bila nia mbaya. Australia wanapima Great Barrier Reef tangu katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2022 wakatangaza kwamba sehemu za kaskazini na kati zina matumbawe hai mengi kuliko wakati wowote tangu waanze. Watu wakashangilia, wengine wakasema si mnaona, habari za joto ni uongo. Lakini yaliyokuwa yamejaa ni yale ya matawi, mepesi ya kufa. 2024 joto likaja, na ripoti ya 2025 ikaonyesha anguko kubwa. Asilimia haikukosea. Waliosoma asilimia peke yake ndio waliokosea.

MWALIMU: Sawa na msitu wetu kutoka angani. Mpera ni kijani, chai ni kijani, mutukhuyu ni kijani.

Sasa nitoe langu, maana benchi ni langu. Nimesoma ripoti za kutosha za namna hii. Ile ya mtandao wa kimataifa wa kufuatilia matumbawe, iliyotoka 2021, ilisema dunia ilipoteza asilimia 14 ya matumbawe yake kati ya 2009 na 2018. Namba nzito, imekusanywa kutoka nchi 73. Ripoti kama hizo huzinduliwa kwa chai na mandazi, waziri hutoa hotuba, na wiki ya pili yake hakuna aliyeahidi kufanya jambo lolote tofauti. Kwa maoni yangu kosa haliko kwenye kuhesabu, wala si kwamba tumehesabu mno. Ni kwamba tunahesabu kwanza, halafu ndipo tunaanza kubishana tufanye nini namba ikishuka, na ubishi huo hushindwa daima na mwenye msumeno. Mapatano yangetangulia: namba ikifika hapa, kitu fulani kinafanyika, na huyu hapa ndiye mwenye kukifanya. Watu wa Kuruwitu waliamua kwanza. Kwao hesabu zilizofuata zilikuwa na kazi ya kuthibitisha ahadi iliyokwisha kutolewa.

Nilipolisema hili, nilidhani wote wataafiki.

KIJANA: Ni rahisi kwako kuandika. Nani ataweka hicho kiwango? Sheria ya misitu ya 2005 ndiyo iliyoleta vyama vya jamii vya msitu. Sisi huku tuna Muileshi. Chama kikisema visiki vipya vikizidi kadhaa njia fulani ifungwe, KFS watakubali? Na wakikubali, msumeno wa usiku hauchukui risiti. Lori halipiti kwa njia ya kuni.

MWALIMU: Ndiyo maana tuhesabu. Kisiki cha panga na kisiki cha msumeno havifanani hata kidogo. Cha panga kina makovu ya kukatakata, kimo cha kiuno cha mwanamke. Cha msumeno ni laini kama meza, kimekatwa chini kabisa. Tukiandika viwili hivyo mbalimbali, miezi sita tu, itajulikana ni nani anayemaliza msitu. Mpaka leo lawama zote zimebebeshwa kichwa chenye mzigo wa kuni.

MAMA: Hebu rudia hapo.

MWALIMU: Nasema tutenganishe kisiki cha panga na cha msumeno.

MAMA: Miaka yote hii, hakuna aliyewahi kuniambia hesabu inaweza kunitetea. Nilidhani ni ya kunishtaki.

MPWANI: Hata kwenye kamati zetu za ufuo ni hivyo, mama. Mvuvi wa dema alichukia kuhesabiwa mpaka ilipoonekana kwamba anayesomba vichanga vya samaki ni mwenye juya.

MAMA: Lakini nikimkuta mwana wa dada yangu na panga? Nimwandike?

KIJANA: Unaandika kisiki, huandiki mtu.

MAMA: Kijiji kinajua kisiki ni cha nani.

MPWANI: Kweli. Hilo sisi hatukulitatua. Tulikubaliana tu kwamba anayehesabu hasimami mahakamani.

MWALIMU: Tuanze kidogo. Njia tatu, zilezile kila mara. Visiki vya panga, visiki vya msumeno, mwiritsa uliobanduliwa gome, na miche: mingapi ni mipera, mingapi ni miti yetu. Wanafunzi wangu wataandika, Kijana atatambua miti. Nakala moja shuleni, moja kwa chama, moja KFS, moja chuo kikuu, ili ofisi moja ikihama au kuungua kitu kibaki.

KIJANA: Na mimi nalipwa na nani? Nimeshatambulia watu miti bure vya kutosha.

MAMA: Wewe angalau huulizwa. Sikilizeni masharti yangu. Mkitaka macho yangu, ada yangu ya kuni isamehewe miezi nitakayohesabu, mimi na wenzangu. Hiyo moja. Mkifunga njia, mniambie kabla ni wapi nitapata kuni za wiki ile, iandikwe, isiwe maneno. Na kisiki cha msumeno kikionekana, wa kwanza kuitwa aeleze awe askari wa zamu, kabla ya mwenye mzigo wa kuni.

MWALIMU: La tatu KFS watalikataa.

MAMA: Wakilikataa tutakuwa tumejua jambo hata kabla hatujahesabu kisiki kimoja.

MWALIMU: Haya. Naandika barua wiki hii. Kupima kwenyewe tuanze Jumatatu, wanafunzi wakiwa shuleni.

MAMA: Jumatatu msituni hakuna mtu, Mwalimu, utahesabu peke yako na kima. Siku ya kuni ni Jumamosi. Njoo alfajiri, uvae viatu vya mpira, na usije na gari.